Kuona Kasoro Wakati Chuma Kinachapwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hunirudia kila ninapozungumzia mashine za kuchapa chuma kwa leza. Mengine hutoka kwa wanafunzi wa uhandisi, mengine kwa mafundi wa kuchomelea walioona video mtandaoni wakashangaa. Nasema "chuma" kwa mazoea ya karakana, ingawa titani, nikeli na alumini nazo zimo. Mfano wangu mkuu ni mashine ya leza na poda, kwa sababu huko ndiko kazi ya kupiga picha kasoro ilikoenda mbali zaidi.

## Mwanzo kabisa

1. Kuchapa chuma kwa leza na poda kunafanyikaje?

Chumba cha mashine hufungwa na kujazwa gesi kama agoni ili oksijeni isiharibu chuma. Kibao hupita na kutandaza poda laini ambayo chembe zake nyingi zina kipenyo cha mikroni 15 hadi 45 (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita). Tabaka lenyewe huwa na unene wa mikroni 30 hadi 60 hivi, yaani jembamba kuliko unywele mnene. Leza huchora umbo la tabaka hilo, poda inayeyuka na kuganda, sahani inayobeba kipande inashuka kidogo, kibao kinarudi na poda nyingine. Kipande chenye kimo cha sentimita 5 kwa tabaka za mikroni 40 kina tabaka 1,250, na kila moja ina nafasi yake ya kuharibika.

Fundi wa kuchomelea huelewa jambo hili haraka kuliko mtu aliyezoea printa za plastiki. Huku ni kuchomelea kwa mstari mwembamba kuliko uzi wa kushonea, kilomita baada ya kilomita, mpaka kipande chote kinakuwa mshono mtupu. Basi kila ugonjwa wa mshono unaoujua unaweza kuukuta humu, tena popote.

2. Kasoro zenyewe ni zipi?

Inayoogopwa zaidi ni kutoungana. Nguvu ya leza ikiwa ndogo, au mistari ikichorwa kwa kuachana mno, poda iliyo katikati haiyeyuki vizuri na panabaki uwazi. Uwazi huo huwa bapa, wenye kona kali, na mara nyingine ukiukata unakuta chembe za poda zimekaa ndani nzima nzima. Kipande kikianza kuvutwa na kuachiwa mara maelfu, kama mabano ya injini, ufa huanzia kwenye kona hizo.

Kinyume chake ni leza kuzidisha. Chuma hakiyeyuki tu, kinachemka, na mvuke unaoruka juu unalisukuma chini dimbwi la chuma kilichoyeyuka na kuchimba tundu jembamba lenye kina. Tundu hilo likijifunga vibaya linaacha kiputo cha duara ndani ya chuma. Hadithi yake ni ndefu, iko swali la 10.

Kuna pia gesi iliyofungwa ndani ya chembe za poda tangu zilipotengenezwa. Kuna nyufa zinazoletwa na chuma kupoa kwa kasi, na kingo zinazojikunja juu hadi kibao kinazigonga. Halafu kuna matone. Dimbwi hurusha vitone vya chuma kama mafuta ya kukaangia, na kimoja kikubwa kikitua juu ya poda, leza ikipita pale haikiyeyushi hadi chini. Chini yake panabaki kutoungana. Kasoro moja imezaa nyingine, ndiyo maana kuhesabu aina zake si rahisi kama vitabu vinavyofanya.

3. Kwa nini tusisubiri kipande kiishe ndipo tukipige CT?

CT, yaani picha za eksirei za pande zote zinazoonyesha ndani ya kipande, hupigwa, na kwa vipande vya ndege haikwepeki. Tatizo la kwanza ni kwamba ukubwa wa kipande unakula uwezo wa kuona. Chukua kipande cha upana wa milimita 200 na kigunduzi chenye pikseli 2,000 kwa upana: kila pikseli inabeba milimita 0.1, na kiputo cha mikroni 50 hukioni. Tatizo la pili, chuma kinene hunyonya eksirei. La tatu ni la mfukoni. Kufikia hapo mashine imeshafanya kazi siku mbili tatu, na ukigundua kwamba mambo yaliharibika tabaka la 90, tabaka zote zilizofuata zilikuwa bure.

Wengine husema kipande kibanwe tu kwa gesi ya joto na shinikizo kubwa, mashimo yafunge. Mengi hufunga kweli. Lakini shimo lililotokeza hadi usoni halifungi, kwa sababu gesi inayobana inaingia humo humo, na kiputo chenye agoni ndani kinaweza kuvimba tena kipande kikichomwa joto baadaye.

4. Kuona kasoro "papo kwa papo" ni haraka kiasi gani?

Leza inayokwenda mita 1 kwa sekunde inamaliza milimita moja kwa elfu moja ya sekunde. Kiputo huzaliwa kwa muda mfupi zaidi ya huo. Mfumo mwingi unaouzwa kwa jina la papo kwa papo hukupa taarifa tabaka likiisha, yaani sekunde kadhaa baadaye. Si utapeli: kwa kasoro za utandazaji wa poda, sekunde kadhaa zinatosha kabisa, maana leza bado haijapita. Kwa viputo, habari inafika msiba ukiwa umeshaisha. Ukionyeshwa mfumo, uliza ni papo kwa papo ya tabaka au ya dimbwi.

## Macho yaliyo ndani ya mashine

5. Mashine hutumia vifaa gani kujitazama?

Cha bei nafuu ni kamera ya kawaida inayopiga picha mbili kwa kila tabaka, moja kibao kikishapita na nyingine leza ikishamaliza. Inanasa michirizi ya kibao kilichopata pengo, sehemu ambazo poda haikufika, na kingo zilizoinuka. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge huko Marekani ilijenga juu ya picha kama hizi programu inayoitwa Peregrine, ambayo huipa kila pikseli jina lake: hii poda sawa, huu mchirizi, hiki kipande kimeinuka. Mimi ningeanza na kamera hii kabla ya kununua chochote kingine. Kasoro nyingi za kijinga huonekana humo.

Njia ya pili ni kamera iliyotegwa juu inayopokea mwanga ulio karibu na infraredi (mwanga wa joto usioonekana kwa macho), huku ikiachwa wazi muda wote leza inapochora. Mwanga wa tabaka zima unarundikana kwenye picha moja. Kampuni za EOS na MTU Aero Engines za Ujerumani ndizo zilizoiendeleza kwa ajili ya vipuri vya injini za ndege.

Njia ya tatu hufuata leza yenyewe. Mwanga wa dimbwi hurudi kwa vioo vile vile vinavyoielekeza leza, ukaangukia kamera ya kasi au kihisi kidogo cha mwanga. Hivyo popote leza inapokwenda, jicho liko nayo. Kundi la Jean-Pierre Kruth katika chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, ni miongoni mwa walioweka msingi wa njia hii.

6. Picha ya tabaka inaonekanaje kwa macho?

Nichukue ile ya njia ya pili. Mbele yako kuna uwanja mweusi, na juu yake maumbo ya kijivu, kila umbo ni mkato wa kipande kimoja. Ukikuza unaona mistari ya leza imelala kama matuta ya shamba. Upande mmoja wa umbo unang'aa zaidi: ni pale ambapo chuma kinaning'inia juu ya poda badala ya chuma kigumu. Poda ni mbovu kwa kupitisha joto, kwa hiyo dimbwi la pale hubaki na moto. Kwingineko kuna nukta moja nyeupe, peke yake, katikati ya eneo ambalo lingepaswa kuwa tulivu.

Mgeni hukimbilia ule upande unaong'aa. Kumbe ule hung'aa kwenye kila kipande cha umbo lile, na ulitarajiwa. Nukta ndiyo ya kuandikwa kwenye daftari, kwa kuwa huenda ni tone lililoruka. Ndiyo sababu programu nzuri hulinganisha kila sehemu na sehemu ile ile katika vipande vingine na tabaka zilizotangulia, badala ya kuweka kizingiti kimoja cha mwanga kwa tabaka zima.

7. Kwa hiyo kamera ya joto inanisomea nyuzi joto za dimbwi?

Inakusomea mwanga. Kubadili mwanga kuwa nyuzi joto kunataka ujue uso unaotazamwa unatoa mwanga kwa kiwango gani, na chuma kioevu, chuma kilichoganda na poda hutofautiana, tena vyote vitatu viko ndani ya milimita moja. Juu yake kuna mvuke na moshi unaopita mbele ya lenzi. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya titani ya Ti-6Al-4V huyeyuka karibu nyuzi 1,650 za Selsiasi. Ukiona skrini inatangaza joto la dimbwi hadi nukta moja ya desimali, punguza imani. Kupima kwa rangi mbili za mwanga na kuchukua uwiano wake husaidia, lakini hakumalizi tatizo.

8. Sauti je?

Inasaidia. Fundi wa Gerezani au Kamukunji hujua mchomo umeharibika kwa kusikia tu. Watafiti wa taasisi ya Empa, Uswisi, wamefundisha kompyuta kutofautisha hali za dimbwi kwa kutumia vihisi vya sauti. Ugumu ni feni, pampu na kibao, ambavyo navyo vina kelele zao.

## Chini ya uso wa dimbwi

9. Kuona chini ya uso, kwa nini lazima sinkrotroni, ule mtambo wa pete unaotoa eksirei kali mno? Eksirei ya hospitali haitoshi?

Eksirei ya hospitali inatosha kwa mfupa unaotulia. Hapa unataka kuona kitu chenye upana wa makumi ya mikroni kinachotetemeka mara maelfu kwa sekunde, na ukione kupitia chuma. Hilo linataka mwali mkali mno unaoruhusu makumi ya maelfu ya picha kwa sekunde, hata kupita milioni. Mwali huo hutoka kwenye mitambo michache kama Advanced Photon Source ya maabara ya Argonne karibu na Chicago, ambayo pete yake ina mzingo wa zaidi ya kilomita moja, au Diamond huko Harwell, Uingereza.

Jaribio lenyewe ni dogo ajabu ukililinganisha na jengo. Kipande chembamba cha chuma, chini ya milimita moja kwa unene, husimamishwa na poda kidogo juu yake, kikishikwa pande mbili na sahani za kaboni inayopitisha eksirei. Leza inashuka kutoka juu, eksirei inapita ubavuni. Mchoro wa leza huisha kabla hujapepesa jicho. Baadaye unaitazama video taratibu: chuma ni kijivu, na tundu la mvuke ni ulimi mweupe unaoingia chini, ukirefuka na kufupika.

10. Walichokiona ni nini?

Kwanza, tundu la mvuke si ajali. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanywa Argonne na watafiti wakiwemo Tao Sun na Anthony Rollett, ulionyesha kwamba tundu hilo lipo katika sehemu kubwa ya mipangilio ya kawaida ya nguvu na kasi. Kabla ya hapo wengi walilihesabu kama dalili ya leza kuzidi. Swali likageuka: si kama kuna tundu, bali kama tundu limetulia.

Mwaka 2020 wakaonyesha jinsi kiputo kinavyozaliwa. Ncha ya tundu hupinda nyuma kama ndoano, shingo yake inabanwa na chuma kioevu, na ncha inakatika. Peke yake kiputo hicho kingeweza kumezwa tena na tundu. Lakini kule kuporomoka hutoa mawimbi ya sauti ndani ya dimbwi ambayo yanakisukuma mbali, chuma kinaganda, na kiputo kimenaswa. Mpaka kati ya hali salama na hali ya viputo ulikuwa dhahiri na usioyumba, na uwepo wa poda uliubadilisha kidogo tu.

Kwa watafiti wa maabara ya Livermore na wa Stanford, California, jambo lilikuwa kwenye kona. Mwaka 2019 walionyesha kwamba leza inapogeuka hupunguza mwendo, na nguvu ikibaki ile ile tundu linazama ghafla na kuacha viputo pale pale pa kugeukia. Ukikata kipande na kukuta viputo vimejipanga ukingoni, anza kutafuta hapo. Dawa yake inajulikana: punguza nguvu kadiri mwendo unavyopungua.

11. Kwa hiyo siku moja mashine yangu itafungwa eksirei?

Hapana, wala haihitaji. Kundi la Tao Sun, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Virginia, lilichapisha mwaka 2023 njia ya mkato ninayoiona kuwa kiini cha somo hili lote. Walilitazama tundu lile lile kwa eksirei kutoka ubavuni na kwa kamera ya joto kutoka juu, kwa wakati mmoja. Eksirei ikasema bila ubishi: hapa kiputo kimezaliwa, hapa hakijazaliwa. Kisha kompyuta ikafundishwa kusoma mwanga wa juu peke yake, hasa jinsi mng'ao wa tundu unavyopanda na kushuka, na kukisia kilichotokea chini. Katika majaribio yao kwa titani ilikaribia kutokosea, kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde.

Yaani eksirei ni mwalimu. Ikishafundisha inabaki shuleni, na kamera ndiyo inayokwenda kazini. Kabla ya hapo kamera zilikuwa nyingi, ila hakuna aliyekuwa na uhakika mwanga fulani unamaanisha nini mikroni 300 chini ya uso.

## Kazini

12. Mashine ikiona kasoro, inaweza kujirekebisha?

Kidogo. Kosa la poda ni rahisi: kibao kinarudia kutandaza kabla leza haijawashwa. Kosa la dimbwi ni gumu kwa sababu ya mwendo ulioelezwa swali la 4. Ukishapata jibu, leza iko kwingine. Kinachofanya kazi vizuri leo ni kupanga mapema, nguvu ishushwe kwenye kona na kwenye sehemu zinazoning'inia kabla kazi haijaanza.

13. Alama nyekundu ikitokea, kipande nikitupe?

Usikitupe. Alama ni anwani ya kutazama. Chukua kipande, peleka CT kwenye eneo dogo lile tu, au kikate kama ni cha majaribio. Hapo ndipo CT na kamera zinaposaidiana: kamera inajua wapi, CT inajua nini. Anayetupa kwa kila alama atafilisika kwa kengele za uongo, na baada ya miezi mitatu wafanyakazi wake watakuwa wamezizima.

14. Data inakula nafasi kiasi gani?

Fanya hesabu mwenyewe. Kamera ndogo ya pikseli 128 kwa 128, baiti moja kwa pikseli, picha 10,000 kwa sekunde, inatoa takriban megabaiti 164 kila sekunde, karibu gigabaiti 590 kwa saa. Kazi ya siku mbili hutaiweka kwenye diski ya kompyuta ya mezani. Ndiyo maana kihisi cha mwanga kinachotoa namba moja badala ya picha bado kina wapenzi wengi.

15. Naweza kuchukua programu iliyofundishwa kwenye mashine ya mwenzangu?

Kwa picha za utandazaji wa poda, mara nyingi ndiyo, kwa marekebisho. Kwa mwanga wa dimbwi, jihadhari. Lenzi tofauti, vioo tofauti, aloi tofauti, hata kipenyo cha leza kikibadilika, na kiputo kinaimba wimbo mwingine.

16. Nikiwa Afrika Mashariki bila mashine, nianzie wapi?

Anza na data za bure. NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, huendesha mfululizo wa vipimo vya kulinganishia unaoitwa AM-Bench, ulioanza na raundi ya 2018, na Oak Ridge imeweka hadharani seti za picha za tabaka. Kompyuta ya kawaida na mtandao vinatosha kujifunza kutambua mchirizi wa kibao. Mashine zenyewe, walio jirani ni Afrika Kusini: taasisi ya utafiti ya CSIR huko Pretoria ilijenga mtambo mkubwa wa kuchapa titani katika mradi wa Aeroswift pamoja na kampuni ya Aerosud, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Kati huko Bloemfontein kimekuwa katika kazi hii miaka mingi. Sinkrotroni hakuna hata moja barani Afrika. Iliyo karibu ni SESAME ya Jordan.

## Kesi za pembeni

17. Mwanga unashuka polepole tangu asubuhi, lakini vipande ni vizuri. Kwa nini?

Tazama kioo. Moshi wa chuma hutua kwenye dirisha la leza kama masizi kwenye taa ya chemni. Ila usifurahi mapema: masizi yaliyoifunika kamera huenda yameifunika leza pia, na hapo kutoungana kunanyemelea.

18. Mashine yangu ina leza nne. Picha zinachanganyana?

Zinaweza. Moshi wa leza moja ukipita mbele ya nyingine unapunguza nguvu na kuchafua ishara kwa pamoja. Panga leza zifanye kazi kinyume na mwelekeo wa upepo wa gesi, ili moshi usivuke sehemu ambayo bado haijachorwa.

19. Shaba na alumini zinang'aa mno. Njia hizi zinafaa?

Zinafaa kwa uangalifu zaidi. Metali hizi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa leza ya infraredi na hupitisha joto haraka, hivyo dimbwi ni dogo na ishara ni dhaifu. Vizingiti vya titani usivilete huku.

20. Kamera ilionyesha kutoungana tabaka la 412, nikakata kipande, sikukuta kitu. Mfumo ulidanganya?

Pengine haukudanganya. Leza huyeyusha kina kinachopita tabaka moja, mara nyingi mbili au tatu kwa pamoja. Uwazi ulioachwa 412 unaweza kuyeyushwa upya na 413 na kufungika kabisa. Kamera ilikiona kipande kikijeruhiwa, kisu chako kikakuta kovu limeshapona. Kwa hiyo unapolinganisha alama na CT, usitazame tabaka lenye alama peke yake. Soma na mbili zinazofuata: zikiwa tulivu, alama ina nafasi kubwa ya kuwa imejifuta, mahali pale pale pakiwaka tena 413 na 414, chukua msumeno.